Kujaza Upya Maganda ya Risasi Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayeishi Marekani, anayemiliki bunduki au bastola kihalali kwa ajili ya kuwinda au kulenga shabaha, na ambaye ameanza kuokota maganda yake uwanjani badala ya kuyaacha. Hakuna kipimo chochote cha baruti kilichotajwa humu. Kipimo ni mali ya mchanganyiko mmoja tu wa ganda, fataki, baruti na kichwa, na mahali pake ni katika kitabu cha mapimo kilichochapishwa na mtengenezaji wa baruti au wa vichwa.

Ni kitu gani hasa kinachojazwa upya?

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Ukishafyatua, kichwa kimekwenda, baruti imeungua na fataki imekwisha kazi yake, lakini ganda la shaba njano, ambalo kwa kawaida ndilo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote, linabaki mkononi mwako likiwa limetanuka kidogo. Kujaza upya ni kulirudisha ganda hilo katika umbo lake, kulitia fataki mpya, kulipimia baruti na kulivika kichwa kingine. Kiswahili chetu kinatumia neno moja, risasi, kwa madini, kwa kichwa na kwa kitu kizima. Hapa "risasi" ni kitu kizima, na madini yataitwa madini ya risasi.

Je, sheria inaruhusu?

Chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani, mtu anayejaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni. Leseni inahitajika pale anapotengeneza kwa biashara, na hapo atashughulika na ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Majimbo na miji ina masharti yake, hasa kuhusu kiasi cha baruti kinachoruhusiwa ndani ya nyumba, na mkataba wako wa kupanga unaweza kukataza kabisa hata pale sheria inapokubali. Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba mwenye viza ya muda, kwa mfano mwanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi isipokuwa awe ndani ya vighairi vichache, kama vile kuwa na leseni halali ya kuwinda. Aulize kabla ya kununua chochote.

Msomaji aliyeko nyumbani asichukue maelezo haya kuwa ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Zote mbili zinadhibiti risasi sawa na bunduki yenyewe, na kuwa na leseni ya bunduki hakukupi haki ya kutengeneza risasi zake.

Ninahitaji vifaa gani kuanzia?

Anza na kitabu cha mapimo, tena viwili ukiweza, kutoka kwa watengenezaji tofauti, na usome sura za mwanzo kabla ya kufungua majedwali. Kisha mashine ya kushindilia ya mkono, iliyofungwa kwa bolti kwenye meza nzito isiyotikisika, seti ya kalibu (vyuma vinavyorudisha ganda umbo lake na kulivika kichwa) za ukubwa wa risasi yako, kishikizo cha ganda kinacholingana nazo, mizani ya baruti, kalipa ya kupimia urefu, kifaa cha kukatia maganda yaliyorefuka, mafuta ya kulainishia ganda, kibao chenye matundu 50 cha kusimamishia maganda, faneli ndogo, tochi, na miwani ya usalama. Kipimio cha baruti, kile kinachomwaga kiasi kilekile kila unapozungusha mkono wake, ni msaada mkubwa, ingawa mtu anaweza kuanza kwa kupima kila ganda kwenye mizani.

Pesa za ziada zikiwepo, ziende kwenye mizani. Vipimo vya baruti huandikwa kwa greni, na greni 7,000 ndizo paundi moja, yaani gramu moja ni kama greni 15.4. Katika risasi ndogo za bastola, tofauti ya nusu greni yaweza kuwa tofauti kati ya risasi salama na risasi iliyozidi. Mizani ya kielektroniki ipashwe moto kwa kuwashwa mapema, isiwekwe karibu na feni wala simu, na ipimwe kwa jiwe lake la mizani mwanzoni, katikati na mwishoni mwa kazi. Mizani ya mkono wa kuning'inia ni ya polepole, lakini haina betri ya kufa wala tarakimu za kuhamahama.

Mashine ipi inamfaa anayeanza?

Ile ya hatua moja. Inabeba kalibu moja kwa wakati, kwa hiyo maganda yako yote 50 yanapita hatua ya kwanza, kisha yote yanapita ya pili, na unabaki na nafasi ya kuyatazama kila mara. Mashine inayoendelea, ambayo kila mvuto wa mkono hutoa risasi moja iliyokamilika, ni nzuri kwa wanaofyatua mamia kila wiki, ila inafanya mambo manne au matano kwa pamoja mbele ya macho mawili tu. Nimeona watu wakianza na hiyo na kufanikiwa. Sikuona mmoja aliyeijua vizuri kabla ya kujifunza polepole kwanza.

Je, baruti hii ni ileile ya gobori?

Hapana, na hili ndilo kosa ambalo halina nafasi ya pili. Gobori hutumia baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, na wazee wetu waliipima kwa kiganja au kwa pembe kisha wakaishindilia. Baruti isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliifanikisha mwaka 1884, hutokana na nyuzi zilizotiwa asidi ya nitriki, na nguvu yake kwa uzito uleule ni kubwa zaidi sana. Ukiimimina kwenye gobori kwa kipimo cha kiganja, mtutu utapasuka usoni pako. Hata baina ya baruti zisizo na moshi zenyewe majina hukaribiana: H4350 na IMR 4350 ni baruti mbili tofauti, kila moja na jedwali lake. Kwa hiyo juu ya meza hukaa kopo moja tu la baruti. Mengine yote yanabaki kabatini, na kazi ikiisha, baruti iliyobaki kwenye kipimio inarudi katika kopo lake siku hiyohiyo. Baruti isiyojulikana jina haitumiki, hata iwe na rangi na chembe zinazofanana kabisa na ile unayoijua.

Maganda yepi hayafai?

Mengi ya yanayookotwa chini. Maganda ya chuma na ya alumini yaache. Ya .22 rimfaya hayajazwi, kwa sababu kemikali yake ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda. Angalia ndani kwa tochi: ukiona tundu moja katikati, ganda lina fataki ya aina ya Boxer na kalibu yako itaisukuma nje, ukiona matundu mawili madogo, ni aina ya Berdan, na pini ya kalibu itavunjika. Kuna mzaha hapa: Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini mfumo wa Mwingereza ndio ulioshika Marekani, na wa Mmarekani ukaenea Ulaya na Urusi.

Maganda ya bunduki ndefu yana ugonjwa wao. Kila yanapofyatuliwa na kurudishwa umbo, shaba hutiririka kuelekea mdomoni, na ukuta ulio juu kidogo ya kitako huzidi kuwa mwembamba. Chukua kibanio cha karatasi, kinyooshe, pinda ncha yake iwe kama ndoano fupi, kiingize ndani ya ganda mpaka chini, kisha kikokote taratibu kuelekea juu huku ncha ikigusa ukuta. Ganda zima linateleza laini. Ganda bovu lina mfereji, na ncha inaudondokea kama ukucha kwenye ufa wa meza. Kwa nje utaona pete inayong'aa mahali hapohapo. Ganda hilo libonyeze kwa koleo ili lisirudi kwenye fungu kwa bahati mbaya.

Urefu nao unapimwa kila mara. Ganda la .308 Winchester halipaswi kuzidi milimita 51.18, likizidi, mdomo wake unabanwa mwishoni mwa chemba, yaani tundu la bunduki linamokaa risasi, haukiachii kichwa, na shinikizo linapanda bila wewe kuongeza hata chembe ya baruti. Maganda ya kijeshi mara nyingi yana kuta nene na fataki iliyobanwa kwa ukingo wa ganda lenyewe, kwa hiyo yanahitaji kushughulikiwa peke yake na kuanzia kipimo cha chini.

Kwa nini watu huogopa fataki kuliko baruti?

Kwa sababu baruti isiyo na moshi ikiwa wazi huungua kwa moto mkali, lakini fataki hulipuka kwa kugongwa, kwa joto au kwa cheche ya umeme tuli, na moja huweza kuamsha jirani zake. Zibaki katika trei zake za kiwandani, ambazo zimeundwa kuzitenganisha. Kuzimimina kwenye chupa ya kioo kwa sababu inapendeza kuonekana ni kutengeneza bomu dogo. Zishike kwa vidole vikavu visivyo na mafuta, vaa miwani, na usilazimishe fataki inayogoma kuingia. Simama uangalie kama tundu lina uchafu au ukingo wa kijeshi. Ikiingia vizuri, inakaa chini kidogo ya usawa wa kitako: pitisha ncha ya kidole, utasikia kishimo. Iliyochomoza huweza kukwamisha rivolva, na katika baadhi ya bunduki zinazojikoki zenyewe huweza kuwaka kabla chemba haijafungika.

Nitajuaje kwamba sijatia baruti mara mbili katika ganda moja?

Kwa macho, na kwa utaratibu usiovunjwa. Swali hili nitalikalia, kwa sababu ndilo linaloharibu mitutu na vidole.

Ganda la .38 Special lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, likiwa na nafasi ya baruti nyeusi iliyohitaji ujazo mkubwa. Baruti nyingi za bastola za leo hukaa chini kabisa ya ganda hilo, kiasi kwamba kipimo cha pili kinaingia bila kumwagika na pengine hata cha tatu. Mashine haitalalamika, na kichwa kitakaa mahali pake kama kawaida. Kwa kipimo maradufu, rivolva iliyotengenezwa kwa shinikizo la paundi 17,000 kwa inchi ya mraba, ambacho ndicho kikomo ambacho shirika la viwango la SAAMI limeiwekea .38 Special, itakutana na shinikizo ambalo hakuna aliyelikadiria.

Utaratibu wangu ni huu. Maganda yenye fataki husimama mdomo chini kwenye kibao upande wa kushoto, na ganda lililo mdomo chini haliwezi kuwa na baruti. Ninalichukua moja, ninaligeuza, ninalipimia, kisha linakwenda kwenye kibao cha kulia. Kibao cha kulia kikijaa, ninazima redio, ninawasha tochi na kuangalia ndani ya kila ganda kwa mistari, nikilinganisha kina cha baruti. Jicho ni hodari mno wa kulinganisha: ganda lililojaa zaidi linajitokeza kama jino lililopandiana.

Niliyaanza haya baada ya jioni moja ambapo simu ya kaka yangu kutoka Tanga iliingia nikiwa katikati ya mstari wa tatu. Kwake kulikuwa kunakaribia alfajiri, na simu ya saa hizo haiachwi kuita. Nilizungumza naye dakika kumi juu ya mgonjwa wetu, nikarudi mezani, nikaendelea pale nilipodhani nimeachia. Tochi ilionyesha maganda 49 yakiwa na kivuli kirefu ndani, na moja ambalo baruti yake ilikuwa karibu sana na mwanga. Tangu hapo, nikiitwa, humaliza ganda lililo mkononi. Nikiwa sina uhakika, hurudisha baruti yote ya kibao kizima kwenye kopo na kuanza upya. Kuanza upya kibao kizima huchukua robo saa.

Njia nyingine inayosaidia ni kuchagua baruti nyingi kwa ujazo, ambayo kipimo chake kinapita nusu ya ganda, ili cha pili kimwagike juu ya meza na kukushtaki.

Kwa nini kitabu kinataka nianze chini, na je, naweza kushuka zaidi?

Kwa sababu bunduki yako si ile iliyotumika maabara. Ukikuta kitabu kinataja kiwango cha juu peke yake, desturi ni kupunguza asilimia 10 na kupanda kidogokidogo, risasi chache kwa kila hatua. Ukibadilisha kitu kimoja tu, hata aina ya fataki, unarudi chini na kupanda tena. Lakini usishuke chini ya kiwango cha kuanzia kilichoandikwa. Baruti kidogo mno huweza kukiacha kichwa mtutuni, na baadhi ya baruti za polepole, zikiwa kidogo ndani ya ganda kubwa, zimeshukiwa kwa muda mrefu kuzalisha shinikizo la ghafla.

Urefu wa risasi nzima una uzito gani?

Mkubwa, hasa kwenye bastola. Kichwa kikizamishwa zaidi ya kinavyotakiwa, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linaruka. Katika 9mm Luger, ambayo ganda lake ni fupi na kikomo chake ni paundi 35,000 kwa inchi ya mraba, sehemu ndogo ya milimita inatosha kuleta tofauti. Pima ya kwanza, ya kumi, na kila unapogusa kalibu. Kisha bonyeza kichwa kwa kidole gumba kwenye ukingo wa meza: kisirudi ndani.

Dalili za shinikizo lililozidi ni zipi?

Fataki iliyolala bapa kama sarafu, alama ya mviringo iliyochapwa kwenye kitako cha ganda, mkono wa bunduki unaogoma kufunguka, moshi unaovuja kandokando ya fataki. Ukiona moja, acha kufyatua risasi za fungu hilo. Baadhi ya bunduki hazionyeshi dalili yoyote mpaka zimepita kikomo, kwa hiyo kutoona dalili hakumaanishi kwamba unaweza kukiuka kitabu.

Risasi haikulia, au imelia hafifu. Nifanyeje?

Haya ni mambo mawili. Ikiwa haikulia kabisa, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha na uhesabu nusu dakika nzima kabla ya kufungua, kwa kuwa fataki huweza kuchelewa. Ikiwa imelia "puf" badala ya mlio wake, usivute tena kifyatulio kwa hali yoyote. Toa risasi zote, hakikisha chemba ni tupu, kisha tazama kama mtutu umepitika kwa kupitisha ufito kutoka upande wa mbele. Kichwa kilichokwama ni kizibo, na kinachofuata nyuma yake ndicho kinachopasua mtutu. Kwenye mashindano hili hutokea kwa wenye haraka, maana mkono umezoea kurekebisha na kuendelea kabla akili haijasikia.

Baruti na fataki zihifadhiwe wapi?

Mahali pakavu, penye ubaridi, mbali na jiko, tangi la maji moto na mikono ya watoto. Kanuni za NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, namba 495, zinaruhusu nyumbani hadi paundi 20 za baruti isiyo na moshi, kama kilo 9, katika makopo yake ya asili. Kuanzia hapo hadi paundi 50 inatakiwa sanduku la mbao lenye kuta za unene wa inchi moja. Fataki ni zisizozidi 10,000. Watu hushangaa kwamba ni mbao na si kasha la chuma: kasha lililofungwa kwa nguvu huzuia gesi kutoka wakati wa moto, na kitu kilichokuwa kiungue tu kinageuka mlipuko. Kabati la mbao hupasuka mapema. Fataki na baruti zisikae kabati moja.

Vipi kuhusu vumbi na familia?

Masizi ya fataki za kawaida yana madini ya risasi, na mashine ya kutikisia maganda, ile yenye vipande vya mahindi au maganda ya jozi, hutoa vumbi la masizi hayo kila unapoifunika na kuifunua. Iweke nje au gereji, usichuje ndani ya nyumba, wala usitumie vyombo vya jikoni. Hakuna kula, kunywa wala kuvuta sigara mezani. Nawa kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Baruti iliyomwagika izolewe kwa brashi na kizoleo; mashine ya umeme ya kufyonzea vumbi ina mota yenye cheche.

Je, nitaokoa pesa?

Kwa risasi moja moja, ndiyo, hasa zile kubwa za kuwindia. Kwa 9mm, nafuu ni ndogo, na wakati wa uhaba fataki hupanda bei kuliko kila kitu. Wengi huishia kutumia pesa zilezile na kufyatua zaidi.

Rafiki yangu ananiomba nimjazie, au ananipa alizojaza yeye. Nikubali?

Yote mawili hapana. Ukimuuzia umeingia kwenye biashara ya leseni. Ukimpa bure, umempa kitu kilichopimwa kwa bunduki yako. Za kwake nazo hujui simu gani iliita alipokuwa akizijaza. Mkaribishe mezani ajifunze.

Nimegundua kosa katika fungu lililokwisha jazwa. Nizifungueje?

Kwa nyundo ya plastiki ya kutolea vichwa: risasi inafungwa ndani, nyundo inapigwa juu ya gogo au sakafu ngumu, na kichwa kinachomoka pamoja na baruti yake. Vaa miwani, na usiitumie kamwe kwa rimfaya. Ndiyo maana kila sanduku huandikwa tarehe, aina ya baruti na kipimo chake, kichwa, fataki na idadi ya mara ambazo ganda limejazwa. Bila karatasi hiyo hujui ni masanduku gani yamo katika kosa. Baruti iliyotoka kwenye risasi za kufungua hairudi koponi. Kiasi hicho kidogo, pamoja na baruti kuukuu iliyoanza kunuka uchachu au kutoa vumbi la rangi ya kutu, mimi hukitawanya nyembamba juu ya majani ya uani, ambako naitrojeni yake huwa mbolea, kisha hukimwagilia maji.